Kusoma karatasi ya spirometri (kipimo cha kupuliza hewa ya mapafu) ya mtoto

Usikimbilie namba, anza na mchoro: mstari unatakiwa upande juu ghafla halafu ushuke taratibu, ukiona umekatika katikati basi dogo alikohoa, arudie kupuliza. Cheki na urefu wake umeandikwa sawa maana makadirio (namba zinazotarajiwa kwa mtoto kama yeye) yanategemea urefu, umri na jinsia.

Sasa gawanya FEV1 (hewa inayotoka sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu) kwa FVC (hewa yote iliyotoka kwenye mpulizo huo), kwa watoto kawaida inazidi 0.90, kwahiyo 0.75 ambayo kwa babu yake ni poa tu, kwa wa miaka 7 ujue njia za hewa zimebana. Z-skoa (inaonyesha jibu liko mbali kiasi gani na wastani) chini ya -1.64 ndo tatizo. Akishavuta salbutamoli (dawa ya kufungua njia za hewa) subirini dakika 15 apulize tena, FEV1 ikipanda zaidi ya asilimia 12 hapo pumu inanukia. Ila majibu safi siku ambayo hana dalili hayafuti pumu, wengi wanadanganyika hapo.