Kubadilisha Valvu ya Rektifaya Katika Amplifaya ya Zamani ya Gitaa, Hatua kwa Hatua

Soketi ya pini nane iliyo katika amplifaya nyingi za zamani huzipokea valvu (bomba za kioo) za rektifaya, yaani za kugeuza umeme wa AC kuwa wa DC, aina ya 5Y3GT, 5U4GB na GZ34 bila kulazimishwa, kwa kuwa valvu hizi tatu zina mpangilio mmoja: filamenti (waya wa kupasha moto) iko kwenye pini ya 2 na ya 8, na anodi mbili (mabamba yanayopokea elektroni) ziko kwenye ya 4 na ya 6. Kuingia kwenye soketi, hata hivyo, si ushahidi kwamba valvu inaifaa mashine. Uamuzi hufanywa kwa mambo matatu, yaani ampea za filamenti, ukubwa wa kapasita (kihifadhi chaji) ya kwanza ya kuchujia umeme, na volti zitakazofika kwenye valvu ya mwisho, ile inayoendesha spika, nayo yanatakiwa kujulikana kabla mkono haujagusa kitu.

Nitatumia mfano wa Fender Champ 5F1, mashine ndogo ya takribani wati 5 iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1950 huko Fullerton, California. Ndani yake mna 12AX7 moja ya kukuza sauti mwanzoni, 6V6GT moja ambayo ndiyo valvu ya mwisho, na rektifaya ya 5Y3GT, ambayo huugeuza umeme wa AC wa transfoma kuwa wa DC. Volti zilizomo huzidi 300 na zinaweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiyewahi kufanya kazi kwenye umeme wa namna hiyo anaweza kuchomeka 5Y3GT mpya ya aina ileile mahali pa iliyokufa, mradi mashine imechomolewa na kupoa. Kazi ya kufungua chasisi (fremu ya chuma inayobeba vipuri) amwachie fundi mzoefu.

Hatua ya kwanza: soma takwimu za valvu. Filamenti ya 5Y3GT huchukua ampea 2 kwa volti 5, ya GZ34 huchukua 1.9, na ya 5U4GB huchukua 3. Anayeweka 5U4GB katika Champ huzidisha kwa nusu nzima mzigo wa waya wa volti 5 ndani ya transfoma. Mashine itapiga vizuri jioni ya kwanza, huku varnishi inayotenganisha nyaya ikiungua polepole. Kwa hiyo 5U4GB iondolewe katika hesabu mapema. Kuhusu kapasita ya kwanza, kikomo ni maikrofaradi 20 kwa 5Y3GT, 40 kwa 5U4GB na 60 kwa GZ34. Ukikuta mtu amefunga ya 47 ili kupunguza mvumo, 5Y3GT yako hupokea kishindo cha umeme kila swichi inapowashwa, na haitadumu.

Hatua ya pili: kagua umeme unaoingia. Mashine za Marekani za wakati ule ziliundwa kwa volti 110 hadi 117, na kwa marudio ya hezi 60. Kwa aliye Dar es Salaam kwenye volti 230, au Nairobi kwenye 240, transfoma ya kushushia ni lazima, na volti zake zipimwe badala ya kuaminiwa lebo, maana volti 10 za ziada hapo huongeza takribani 30 ndani. Hezi 50 nazo huipasha moto zaidi transfoma iliyokusudiwa 60, hivyo nafasi ya kubahatisha ni finyu kwetu kuliko kwa Mmarekani. Kama waya wa umeme bado ni wa nyuzi mbili, weka wa nyuzi tatu wenye ethi iliyofungwa imara kwenye chasisi, na uondoe kapasita yoyote inayounganisha waya wa umeme na chasisi. Fyuzi ibaki ya kiwango kilichoandikwa kwenye paneli.

Hatua ya tatu: mwaga chaji. Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Vua pete na saa, na mkono mmoja uweke mfukoni. Chukua rezista ya kiloomu 100 yenye wati 5, iliyounganishwa na nyaya zenye ngozi nzima na klipu zilizofunikwa. Bana ncha moja kwenye chasisi kwanza, kisha ncha ya pili kwenye pini ya 8 ya soketi ya rektifaya, ambako kapasita ya kwanza imeunganishwa. Chaji huisha kwa sekunde chache, lakini acha rezista palepale dakika nzima, halafu pima kila kapasita kwa mita hadi usomaji uwe chini ya volti 5. Wapo wanaogusisha bisibisi ili itoe cheche. Desturi hiyo huharibu kapasita na huyahatarisha macho, nami naikataza kabisa kwenye meza yangu.

Hatua ya nne: pima ukiwa bado na valvu ya zamani. Spika iwe imeunganishwa na sauti iwe sifuri. Bana mita, mashine ikiwa imezimwa, kati ya chasisi na pini ya 3 ya 6V6GT, ambayo ni anodi. Washa, ondoa mikono, subiri dakika chache, andika, zima, mwaga chaji tena. Rudia kwa pini ya 8 ya 6V6GT hiyohiyo, ambayo ni kathodi (sehemu inayotoa elektroni). Tuseme umepata volti 340 na volti 20. Rezista ya kathodi ni omu 470, hivyo mkondo ni takribani miliampea 42.5, toa 2.5 za skrini (gridi ya pili ndani ya valvu, ambayo nayo huchukua mkondo), zinabaki 40. Zidisha kwa volti 320 zilizo kati ya anodi na kathodi: wati 12.8. Kikomo cha 6V6GT ni wati 12 katika vitabu vya zamani na 14 katika vya baadaye, kwa hiyo Champ hii tayari inafanya kazi karibu na ukingo.

Sasa fikiria GZ34. Kwa mzigo wake wa miliampea 225 hupoteza takribani volti 17 tu, ilhali 5Y3GT hupoteza kama 50 kwa miliampea 125. Volti za anodi zikipanda hadi 380 na za kathodi hadi 23, hesabu ileile inatoa zaidi ya wati 16, na bamba la 6V6GT litaanza kuwa jekundu. Anayeitaka GZ34 kwa dhati abadilishe rezista ya kathodi iwe karibu na omu 680, wati 5, kisha apime upya. Kapasita iliyo sambamba na rezista hiyo kwa asili ni ya volti 25. Ibadilishwe iwe ya 50. Mimi hushauri kubaki na 5Y3GT, kwa sababu kulegea kidogo kwa volti unapopiga nyuzi kwa nguvu ni sehemu ya sauti ya mashine hii.

Hatua ya tano: chomeka na upime tena. Shika kitako, si kioo, na ulinganishe ulimi wa katikati na mfereji wake. Fanya vipimo vya hatua ya nne vyote hata kama jina la valvu ni lilelile, kwa sababu baadhi ya 5Y3 za siku hizi hupoteza volti chache kuliko za asili. Angalia pia volti za sekunde za mwanzo kwenye kapasita ya kwanza: 5Y3GT ya asili hutoa umeme kabla 6V6GT haijapata moto, na kapasita za volti 450 hazipaswi kuvuka kiwango hicho hata kwa sekunde hizo. Ukiona cheche ndani ya kioo, bamba jekundu au fyuzi ikikatika, chomoa mara moja na utafute chanzo kabla ya kuweka fyuzi nyingine.

Vipimo vikikubalika, viandike kwenye karatasi pamoja na tarehe, aina ya valvu na volti za ukutani za siku hiyo, na uibandike ndani ya kasha mbali na joto, ili fundi atakayefuata awe na cha kulinganisha.