Somo: Kutunga sitiari ya riwaya ya vijana, tukianza na mkorosho

Tufanyie kazi mhusika mmoja: msichana wa miaka 15, wa Newala, anayelea wadogo zake wawili tangu mama yao ashuke Mtwara mjini kutafuta kibarua. Yeye ndiye msimulizi.

Hatua ya 1. Andika sentensi kavu kwanza: "Nimekuwa mtu mzima kabla ya wakati." Usipambe chochote. Sentensi kavu ikiwa haina jambo, sitiari (kukiita kitu kwa jina la kingine, bila "kama") haitaiokoa.

Hatua ya 2. Orodhesha vitu 20 ambavyo mikono yake imevishika: ndoo, jembe, gunia, vumbi la salfa (dawa ya mikorosho), ganda la korosho. Bahari ifute. Newala ni juu kwenye uwanda wa Makonde, na mtoto ambaye hajawahi kufika pwani hawezi kuiona huzuni yake kama maji yanayokupwa. Hapa wengi hujikwaa. Kila moyo kwao ni jahazi.

Hatua ya 3. Tafuta kiungo. Usihangaike na sura ya kitu, tazama tabia yake. Kwenye mkorosho, korosho hutangulia kukua, bibo, lile tunda la maji ambalo korosho huning'inia chini yake, huja kuvimba baadaye. Basi msimulizi aseme: "Mimi ni korosho, bibo langu bado." Kinachosemwa ni utoto wake, kifananishi ni tunda, kiungo ni ukuaji uliotanguliza cha mwisho. Ukishindwa kukitaja kiungo kwa maneno machache, tupa sitiari hiyo.

Hatua ya 4. Tanguliza tashibiha ("kama", "mithili ya"), sitiari ije msomaji akishalizoea tunda.

Hatua ya 5. Irudishe mara 3 au 4 katika riwaya nzima, kila mara ikiwa imegeuka. Sura ya 2 analiona tunda changa tu, bila maelezo. Sura ya 6 anabangua korosho mbichi, mafuta ya ganda yanamchubua vidole siku ileile aliyomkasirikia mama. Usiongeze "kama hasira yangu", utaiua. Na uangalie kalenda: Juni na Julai ni maua na salfa, mabibo ni ya kuanzia Oktoba hivi. Ukiangusha mabibo mekundu mwezi Juni, utachekwa kuanzia Masasi hadi Nachingwea.

Hatua ya 6. Pigia mstari kila "kama". Zikizidi mbili kwa ukurasa, punguza. Anza na zilizochakaa: "mrembo kama malaika", "meupe kama theluji" (theluji ya Newala!).

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Msomaji wa Arusha hajui bibo. Niweke tanbihi?
Jibu: Hapana, dada. Mwonyeshe tunda likitumika: wadogo wanang'oa korosho, wanafyonza bibo, maji yanadondokea shati la shule na doa halitoki. Ameshalijua.

Swali: Methali zinafaa kwa kijana?
Jibu: Mpe bibi aseme, kijana aipindue. Bibi: "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mjukuu: "Na asiyelelewa je, bibi?" Methali nzima kinywani mwa kijana hunukia mtihani.

Swali: Nimeandika, "Hasira yangu ilichipua, ikawaka, ikafurika." Mhariri kaikata. Kwa nini?
Jibu: Mmea, moto na maji ndani ya sentensi moja, msomaji haoni hata kimoja. Chagua moto, kisha vitenzi vyote viwe vya moto: ilifuka, ikashika, ikaunguza.

Swali: Mwalimu, wanafunzi wangu wa kidato cha pili wanasema "upepo ulipiga makuti" ni tashihisi, yaani kukipa kitu tabia ya mtu. Ni kweli?
Jibu: Si kweli. Upepo kupiga ni lugha ya kila siku, haina tena utu ndani yake. "Upepo wa kusi ulibisha hodi, ukaingia bila kuitikiwa" ndiyo tashihisi: hodi ni ya watu, na kuingia bila kuitikiwa ni utovu wa adabu ambao ni mtu tu anaweza kulaumiwa nao.