Kabla hujampa mtu galoni ya kukusanyia mkojo

Nyinyi mnaojiandaa kwenda vijijini kukusanya mikojo ya kupima niasini (vitamini B3) na vitamini B6, hebu tuelewane kwanza. Mashine ya kromatografia huko maabara, ile inayotenganisha kemikali na kuzipima, ni hodari, lakini uzembe wa galoni haiurekebishi.

Galoni ziwe za lita 3, mfuniko ukaze, zivishwe foili au mfuko mweusi, maana B6 ikipigwa jua inaharibika. Kama ndani imetiwa asidi ya kuhifadhi mkojo, kila mtu apewe kopo la pembeni, akojolee humo ndipo amimine taratibu. Asidi ikimrukia mtu wa watu, utaeleza nini kwa mwenyekiti wa kijiji?

Saa 24 ni saa 24. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unamwagwa, saa inaandikwa, kisha kila tone linaingia galoni hadi kesho saa ileile, na ule wa kesho asubuhi umo. Wengi hupoteza mkojo chooni wakienda haja kubwa. Waambieni bila kuona haya: kopo kwanza, choo baadaye.

Pimeni ujazo wote kabla ya kuchota sampuli. Ukichota mililita 10 ukamwaga zilizobaki bila kuandika, hutapata miligramu kwa siku, na hizo ndizo zilizokupeleka: N1-methilinikotinamidi, yaani niasini ikishavunjwa mwilini, ikiwa chini ya miligramu 0.8 kwa siku, mshuku upungufu wa niasini. Kreatinini nayo, taka ya misuli ambayo mtu huitoa karibu kiasi kilekile kila siku, ipimwe, itakuonyesha nani kaleta nusu siku.

Sasa dodoso. Hapa ndipo nilipoumia.

Swali letu lilisema, "Je, umemeza vidonge vya vitamini siku 3 zilizopita?" Tukajiona tumemaliza. Vijana wa bodaboda wote wakajibu hapana. Majibu yaliporudi, asidi ya 4-piridoksiki, ambayo ni B6 ikishavunjwavunjwa na ini, ilikuwa kwao juu mara kadhaa kuliko kwa mama zao wanaokula nao sufuria moja. Bosi akasema maabara imekosea. Maabara ikarudia, jibu lilelile. Wiki mbili tunalaumiana, mara mizani, mara vimiminika, mara yule aliyebandika lebo.

Nikarudi kijiweni mwenyewe. Nikamkuta mmoja kakaa upande juu ya pikipiki, kichupa cha enaji mkononi, cha saa tatu asubuhi. Nikamwomba nisome lebo: niasini, B6, B12.

"Kwa siku unakunywa ngapi?"

"Mbili. Abiria wakichanganya, tatu."

"Mbona tulipokuuliza vitamini ulikataa?"

"Dada, wewe si uliuliza vidonge?"

Sikuwa na la kujibu. Mtu mzima wa umri wake anahitaji B6 kama miligramu 1.3 kwa siku, na kichupa kimoja tu chaweza kupita hapo. Galoni za vijana wale, zilizokusanywa vizuri kuliko za wote, tukaziondoa kwenye hesabu.

Kwa hiyo acheni kuuliza "vitamini". Ulizeni vitu kwa majina yake: enaji, unga wa lishe, unga uliorutubishwa, dawa ya kuongeza damu, sindano ya dukani ya "mishipa". Bebeni chupa na makopo matupu muwaonyeshe. Anayetumia isoniazidi ya kifua kikuu muandikeni pembeni, maana dawa hiyo huivuruga B6, na mara nyingi mgonjwa hupewa vidonge vya B6 vya kuambatana nayo, ambavyo kwake ni "zile dawa ndogo za kliniki" tu.

Mengine mnayajua. Glavu. Kalamu isiyofutika kwa maji. Barafu ya kutosha kwa safari nzima, na ya akiba, kwa sababu gari litaharibika. Friza mliyoazimwa muifungue muone kama inagandisha kweli, muulize umeme hukatika mara ngapi, na sampuli mzigawe sehemu mbili, friza mbili, majengo mawili. Na kama ndani mna samaki wa mtu, tafuteni friza nyingine.