Jinsi ya kumsoma Kezilahabi bila kubebwa na kelele za watu

Ukimtaja tu Euphrase Kezilahabi, yule mwandishi wa riwaya wa Tanzania, mmoja atakwambia jamaa ni fundi, mwingine atakwambia anaharibu watoto, na mara nyingi huyo wa pili hata kitabu hajakifungua, amesikia tu kwamba riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku mashuleni Tanzania.

Sasa fanya hivi. Anza na hiyohiyo Rosa Mistika, ila usikimbilie zile sehemu za chuo zenye stori za wanaume, tulia kwanza pale mwanzoni Zakaria anapompiga binti yake Rosa kisa barua ya mvulana. Soma hapo mara mbili halafu ndo uulize nani kamharibu Rosa, maana wanaolalamika kuhusu maadili wengi wanamruka baba mlevi kama hayupo vile (mi hilo huwa linanikera kweli).

Ukimaliza nenda riwaya yake nyingine, Kichwamaji, 1974. Ni nzito, mhusika mkuu Kazimoto anawaza mpaka unachoka, na anayesema inakatisha tamaa hajakosea, mbona mwisho wake unaujua ukifika. Riwaya zake Nagona na Mzingile ziache mwisho kabisa, ukianza nazo utaungana na wanaosema haeleweki.

Ukibishana na mtu muulize ukurasa gani umemkera, akiutaja msome wote wawili hapohapo, akishindwa kuutaja badilisha mada.