Namna ya kufuatilia historia ya kambi ya kijeshi ya Ufilipino: mfano wa Fort Bonifacio

Anayetaka kuandika historia ya Fort Bonifacio, kambi iliyoko Taguig katika jiji kuu la Manila, aanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: ardhi ya kambi, na vikosi vilivyowahi kukaa juu yake. Ardhi haihami hata ikibadilishiwa jina na mmiliki, ilhali kikosi huhamishwa, hupewa namba mpya na hata huvunjwa. Andaa daftari lenye safu mbili, uandike kila tukio pamoja na tarehe yake, na usiziunganishe safu hizo kabla hazijajaa.

Safu ya mahali ni nyepesi. Wamarekani waliianzisha kambi hii mwanzoni mwa karne ya 20, wakaiita Fort William McKinley kwa kumbukumbu ya rais wao aliyeuawa mwaka 1901. Mwaka 1949 ilikabidhiwa kwa serikali ya Ufilipino, na mwaka 1957 ikawa makao makuu ya kudumu ya Jeshi la Nchi Kavu, ikipewa jina la Andrés Bonifacio, kiongozi wa Katipunan, chama cha siri cha wapigania uhuru, katika mapinduzi ya mwaka 1896 dhidi ya Hispania. Kwa hiyo, nyaraka za wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia zitafute kwa jina la McKinley.

Kazi ngumu iko kwenye vikosi. Mwaka 1941 palikuwa na askari wa aina tatu: Wamarekani wenyewe, Philippine Scouts, yaani Wafilipino waliokuwa sehemu ya jeshi la Marekani tangu mwaka 1901, wengi wakiwa chini ya maofisa wa Kimarekani, na Jeshi la Ufilipino lililoundwa kwa sheria ya ulinzi ya mwaka 1935. Namba zao ziligongana. Namba 31, kwa mfano, ilikuwa ya rejimenti ya Wamarekani iliyokuwa Manila, na vilevile ya divisheni ya Jeshi la Ufilipino na ya rejimenti mojawapo ndani ya divisheni hiyo. Nimeona simulizi nzuri zikiharibika kwa kosa hili moja, ndiyo maana nasisitiza kwamba namba ya kikosi isiandikwe kamwe bila jina la jeshi lake.

Kisha kifuate kikosi kinakokwenda. Rejimenti ya 57 ya Scouts ilikuwa na makazi yake McKinley, lakini vita vyake vikubwa ilivipigana katika rasi ya Bataan, ng'ambo ya ghuba ya Manila. Huko Abucay ndiko Luteni Alexander Nininger alikouawa tarehe 12 Januari 1942, akatunukiwa Nishani ya Heshima baada ya kifo chake. Bataan ilisalimu amri kwa Wajapani tarehe 9 Aprili. Anayeishia kwenye uzio wa kambi ataikosa miezi iliyo na uzito kuliko yote.

Kuhusu nyaraka, Hifadhi ya Taifa ya Marekani ina mkusanyo wa Ufilipino wenye kumbukumbu za mateka na za wapiganaji wa msituni. Majalada ya askari mmoja mmoja yanahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa moto wa Julai 1973 kwenye kituo cha kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani huko St. Louis uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya wanajeshi wa nchi kavu walioacha utumishi kati ya mwaka 1912 na 1960. Kukosekana kwa jalada si ushahidi kwamba mtu hakutumikia. Neno hili lina uzito kwa familia za Wafilipino, ambao wengi wao walinyimwa mafao kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1946.

Ukifika Manila, nenda kwenye makaburi ya Wamarekani yaliyo ndani ya ardhi ya zamani ya kambi. Kuta zake zina majina 36,286 ya waliopotea vitani, kila jina likiwa na cheo na kikosi, hivyo unaweza kuisahihisha safu yako ya pili papo hapo. Beba pia ramani ya zamani, kwa sababu sehemu kubwa ya kambi iliuzwa mwaka 1995 na sasa ni maghorofa ya Bonifacio Global City, ingawa jina McKinley bado limebaki kwenye barabara inayoelekea huko.