Mtoto ana kiungulia na kipimo kimeonyesha bakteria: hatua za kuchukua

Mzazi anayetoka maabara na karatasi inayosema kwamba mwanawe ana Helicobacter pylori, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, huona kwamba sasa amempata mchawi wa kiungulia kinachomwamsha mtoto usiku. Asiharakishe. Kiungulia hutokea pale msuli unaofunga njia kati ya umio na mfuko wa chakula unapolegea, asidi ikapanda juu. Bakteria hao huishi chini kabisa, ndani ya ute wa mfuko wenyewe, na watoto wengi walio nao, ambao kwa kawaida huwapata kutoka kwa watu wa nyumbani, hawaugui chochote. Zaidi ya hayo, uvimbe unaoletwa na bakteria ukienea katika sehemu kubwa ya mfuko huo, asidi huweza hata kupungua. Kwa hiyo kuwaua bakteria si tiba ya kiungulia.

Anza na daftari. Kwa wiki mbili andika mtoto alikula nini, alilala saa ngapi na maumivu yalianza lini, kwa mfano: «Jumatano, chapati mbili na soda saa mbili na nusu usiku, amelala saa tatu, ameamka saa tano akisema kifua kinawaka.» Mistari mitano ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko maneno «tumbo linamsumbua», na mara nyingi humwonyesha mzazi mwenyewe kwamba chakula cha usiku kinapaswa kuliwa mapema, muda wa saa mbili au tatu ukipita kabla ya kulala. Kichanga anayecheua maziwa huku akiongezeka uzito hahitaji kipimo wala dawa. Hali hiyo kwa kawaida huisha kabla hajafikisha miezi 18.

Usisubiri daftari lijae ikiwa mtoto anatapika damu au nyongo ya kijani, anapata choo cheusi kama lami, anashindwa kumeza au anapungua uzito. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Daktari akiona sababu ya kuwatafuta bakteria, kama vile dalili za kidonda au upungufu wa damu usiosikia dawa za madini ya chuma, uliza ni kipimo gani kitatumika. Kipimo cha damu cha kingamwili (chembe ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu), ambacho ni rahisi na ndicho kinachopendwa mitaani, hakitofautishi maambukizi ya leo na yaliyokwisha zamani. Kwa watoto, uthibitisho mzuri ni kamera inayoingizwa mdomoni hadi tumboni na kuchukua vinyama vya kupimwa.

Matibabu huwa ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, au dawa ya jamii yake pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, kwa siku 14, kwa dozi inayolingana na uzito wa mtoto. Nusu dozi ya duka la dawa huzalisha bakteria sugu, na hapo ndipo shida ya kweli huanza.

Rudia kipimo, cha choo au cha pumzi, angalau wiki nne baada ya antibiotiki na wiki mbili baada ya omeprazoli, la sivyo majibu yatadanganya. Bakteria wakiwa wameisha na kifua bado kinawaka, rudi kwa daktari na lile daftari.