Kabla ya Kuagiza: Maandalizi ya Asiyekula Nyama Anapokwenda Kula Mgahawani

Nyama inayoonekana kwenye sahani haisumbui. Unaiona, unaikataa, mhudumu anaelewa. Kinachosumbua ni kile kilichokwisha kuyeyuka ndani ya chakula: supu ya mifupa iliyopikiwa wali, mafuta ya nguruwe yaliyounga maharage, kijiko cha sosi ya samaki kilichotiwa kwenye mboga dakika ya mwisho. Mgahawa mdogo wa kawaida, ule usio na menyu maalumu ya watu wa aina yetu, haukufichi mambo hayo kwa makusudi. Mpishi hayataji kwa sababu kwake si nyama, ni kiungo tu. Kwa hiyo kazi kubwa ya kujiandaa ni kujifunza kuuliza habari za sufuria badala ya habari za sahani, na kazi hiyo inaanza ukiwa bado nyumbani.

Kwanza ujue mpaka wako umeuchora wapi. Wapo wasiogusa nyama wala samaki lakini mayai na maziwa wanatumia. Wapo vegani, ambao huacha kila kinachotoka kwa mnyama, asali ikiwemo. Wapo wanaofuata dini, kama Wajaini, waumini wa dini ya kale ya India, ambao wengi wao pamoja na nyama huacha pia vitunguu, vitunguu saumu na viazi. Hayo ni makundi makubwa, na mengi yameshaelezwa. Yanayomkwamisha mtu mezani ni madogo zaidi. Je, utakula viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaangia kuku? Mkate uliopakwa yai juu ili ung'ae? Mboga iliyogeuzwa kwa koleo lilelile la nyama? Amua mapema, kwa sababu ukiuacha uamuzi hadi wakati wa kuagiza, njaa ndiyo itakayoamua.

Maoni yangu, kwa aliyeacha nyama kwa ajili ya wanyama, ni kwamba mafuta ya pamoja hayafai kumnyima usingizi: hakuna kuku wa ziada aliyechinjwa kwa sababu ya viazi vyake. Kwa aliyeacha kwa ajili ya imani, jambo ni jingine kabisa, na hana haja ya kumwomba mtu radhi kwa kuuliza kuhusu karai. Mwenye mzio yuko mbali zaidi na wote wawili. Chakula kuitwa cha vegani hakumaanishi kwamba hakijagusana na maziwa au mayai jikoni, na kwa mwenye mzio mguso huo unaweza kuwa hatari ya maisha.

Ukishaujua mpaka wako, chagua jiko kabla ya kuchagua chakula. Yapo mapishi ambayo yamezoea watu wasiokula nyama kwa karne nyingi, na mpishi wake hashangai ukiuliza. Migahawa ya Kihindi huwa na upande mzima wa vyakula hivyo, na huko chakula kisicho cha nyama kwa kawaida hakina hata yai. Vegani lakini awe macho na samli, krimu, jibini ya paneer, na mtindi unaotiwa kwenye unga wa mkate wa naan. Migahawa ya Kiethiopia ina hazina yake: waumini wa Kanisa la Orthodox la Tewahedo hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na siku nyingine nyingi, na wakifunga huacha nyama, maziwa na mayai. Ukiomba chakula cha mfungo umeeleweka mara moja. Omba kwa maneno hayo hasa, kwa kuwa shiro ileile, mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde, siku isiyo ya mfungo, inaweza kupikwa kwa siagi yenye viungo. Mapishi ya Lebanoni na majirani zake yana hummus (rojo la dengu), falafel (vitonge vya dengu vya kukaanga) na tabbouleh (saladi ya majani na ngano). Migahawa ya Wabudha wa Kichina hupika tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na uyoga kwa ufundi ambao hata mla nyama hulamba vidole.

Upande wa pili yapo mapishi ambayo mboga huonekana tele lakini msingi wake ni bahari au mifupa. Supu ya miso ya Wajapani, ya rojo la soya lililochachushwa, kwa kawaida husimama juu ya dashi, mchuzi unaotengenezwa kwa mwani na vipande vya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa. Vyakula vya Thailand na Vietnam huungwa kwa sosi ya samaki mahali ambapo wengine wangetia chumvi, na rojo la viungo vya kari ya Kithai mara nyingi lina kamba waliosagwa. Kimchi ya Korea ni kabichi, ndiyo, ila mara nyingi ni kabichi iliyochachushwa pamoja na kamba au sosi ya samaki. Maharage ya kupondwa ya Wameksiko kwa asili hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Supu ya vitunguu ya Wafaransa kwa kawaida ni supu ya ng'ombe yenye vitunguu. Si kwamba uikimbie migahawa hiyo. Ila usiingie humo ukidhani kwamba picha ya brokoli kwenye menyu imekumalizia kazi.

Menyu za mtandaoni zitazame, lakini ziamini nusu, kwani migahawa midogo huiacha menyu ya zamani ikining'inia hapo hata baada ya mpishi kuondoka. Maoni ya karibuni ya walaji yana faida zaidi, hasa yanayotaja chakula kwa jina na kueleza kilichobadilishwa. Programu ya HappyCow, iliyoanza kama tovuti mwaka 1999, huonyesha migahawa ya aina hii katika nchi nyingi, pamoja na ile ya kawaida yenye sahani moja mbili za kukufaa. Ukiona herufi V kwenye menyu, tafuta maelezo yake chini ya ukurasa: mahali pengine ina maana ya chakula kisicho na nyama, pengine ina maana ya vegani, na tofauti hiyo ni ya siagi na mayai.

Kisha piga simu. Watu hulidharau jambo hili, nami naona ndilo linalookoa jioni nyingi. Piga katikati ya mchana na jioni, wakati wateja wa chakula cha mchana wameondoka na wa usiku hawajafika. Usiulize kama wana chakula cha vegani. Jibu la ndiyo linaweza kuwa la adabu tu, na la hapana linaweza kuwa la mtu asiyejua kwamba vitu vitatu kwenye menyu yake vinafaa. Uliza hivi: ni vyakula gani mnavyopika mtu akishaagiza, na vipi vimeshapikwa tangu asubuhi? Hilo ndilo swali lenye uzito kuliko yote. Sufuria iliyochemka na mifupa tangu alfajiri haina marekebisho, hata mpishi akupende vipi. Lakini kinachokaangwa au kuungwa hapohapo kinabadilika: mafuta badala ya siagi, uyoga badala ya kuku, sosi ya soya badala ya sosi ya samaki. Mgahawa wenye menyu ya nyama tupu lakini unaopika kila kitu kwa oda unaweza kukufaa kuliko ule wenye supu tano za mboga zilizotoka kwenye pipa moja la mchuzi.

Ukifika, taja vitu kimoja kimoja. Kwa wapishi wengi duniani neno nyama halimgusi samaki, wakati mwingine hata kuku, na vipande vidogo vya nyama ya kukoleza ladha hawavihesabu kabisa. Badala ya hotuba kuhusu unavyoishi, toa maswali mafupi yenye jibu la moja kwa moja. Wali huu umepikwa kwa maji au kwa supu? Supu ya nini? Mmetia kidonge cha supu, na ni cha ladha gani? Mnakaangia mafuta gani? Sosi hii ina samaki au chaza? Tambi zina mayai? Mkate una maziwa? Mhudumu akijibu "nadhani hakuna", msihi kwa upole aende akaulize jikoni.

Sosi na jibini zinastahili neno lao. Sosi ya Worcestershire kwa asili ina anchovi, samaki wadogo, na hivyo hivyo sosi nyingi za saladi ya Caesar. Sosi ya chaza huingia kwenye mboga za kukaanga za Kichina bila kutajwa. Jibini halisi ya Parmigiano Reggiano, kwa kanuni zake, hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama, kwa hiyo hata anayetumia maziwa lakini hali mnyama aliyechinjwa ana sababu ya kuiacha, pamoja na pesto, sosi ya mrehani, iliyotiwa jibini hiyo.

Anayefikiri maswali haya ni usumbufu akumbuke kisa cha McDonald's nchini Marekani. Mwaka 1990 kampuni hiyo ilitangaza kwamba imeacha kukaangia viazi kwenye mafuta ya ng'ombe na imehamia mafuta ya mimea. Wengi wasiokula nyama, Wahindu wakiwemo, wakala kwa amani. Kumbe ladha inayotokana na ng'ombe ilikuwa bado inatiwa kwenye viazi kabla havijafika mgahawani. Kesi zikafunguliwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuomba radhi na kutoa dola milioni 10, sehemu kubwa ikienda kwa mashirika ya Wahindu na ya wasiokula nyama. Kama kampuni yenye maandishi ya kila kitu iliweza kuacha pengo la namna hiyo, mgahawa wa meza sita hauna budi kuulizwa.

Katika nchi za Ulaya, uliza jedwali la vyakula vinavyosababisha mzio. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inaitaka migahawa iweze kumweleza mteja kuhusu makundi 14 ya vyakula hivyo, na matano kati yake ni ya wanyama: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, na jamii ya chaza na pweza. Kwa vegani hilo ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanywa. Nusu tu, kwa sababu nyama yenyewe haimo kwenye orodha hiyo. Supu ya kuku, mafuta ya nguruwe, asali na jelatini ya ng'ombe (kigandishi kinachotokana na ngozi na mifupa) vinaweza kupita hapo bila alama yoyote. Tumia jedwali kwa maziwa na mayai, mengine uliza kwa mdomo.

Na usidanganye kwamba una mzio ili usikilizwe. Nimesikia watu wakishauri hivyo, nami napinga. Jiko makini likisikia mzio husimamisha kazi, husafisha bamba la kukaangia, hubadilisha vyombo. Halafu wakuone dakika ishirini baadaye ukionja keki ya siagi ya mwenzako! Mteja atakayekuja baadaye na mzio wa kweli ndiye atakayechukuliwa kuwa anatania.

Ukienda nchi ambayo lugha yake huijui, beba maelezo yaliyoandikwa, yakihakikiwa na mtu wa lugha hiyo ikiwezekana. Karatasi nzuri ina sehemu mbili: nisivyokula, na ninavyokula. Sehemu ya pili ndiyo watu huisahau. Mpishi anayesoma marufuku kumi na mbili bila ruhusa hata moja huishia kukuletea wali mkavu. Mwandikie maharage, tofu, mboga zote, uyoga, karanga, mafuta ya mimea, naye ataanza kuwaza chakula.

Shibe nayo ipangiwe. Ukisema tu "toa nyama", utapata kilichobaki: majani, nyanya, na bei ileile. Omba kibadala, si upungufu. Kama jiko lina maharage, dengu, kamande au parachichi kwa ajili ya vyakula vingine, wanaweza kukuongezea kwenye chako; uliza kama kuna malipo ya ziada kabla hawajaleta. Kama hujapata uhakika wa chochote, kula kidogo nyumbani. Mwenye njaa kali huagiza vibaya.

Mkienda kundi, sema mapema, wakati wa kuchagua mahali. Ukinyamaza hadi mezani unawabebesha wenzako hatia ya bure. Mkubaliane pia kuhusu bili: kama wenzako wanakula nyama ya kuchoma na wewe saladi, kugawana sawa kwa sawa kutakuuma, afadhali lisemwe mkiwa njiani kuliko risiti ikiwa mezani.

Vinywaji na vitamutamu visichukue muda wako mwingi. Jeli na krimu nyingi za kugandishwa zina jelatini. Bia na divai nyingine husafishwa kwa gundi ya samaki. Unga wa kutia weupe kwenye kahawa unaoitwa usio wa maziwa unaweza kuwa na kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Tunda, chai ya rangi, maisha yanaendelea.

Sahani ikija na kosa, usichokonoe vipande vya nyama ukavipanga pembeni halafu ukalalamika mwishoni. Mwite mhudumu kabla hujagusa, mkumbushe ulivyoagiza, na uombe kipikwe upya. Kutoa vipande tu na kurudisha mchuzi uleule si kurekebisha. Wakikupikia vizuri, andika kwenye simu jina la chakula, jinsi ulivyokiagiza, na walichokujibu kuhusu mafuta na supu. Safari ijayo utaanzia hapo, ingawa mpishi akiwa mwingine itabidi uulize tena, maana kila mmoja huja na kidonge chake cha supu.